Jabez Ormerod na Kioo cha Kabati

Nimewaambia mara tatu kwamba siandiki. Wakaleta daftari, wakaleta kalamu mbili, na yule binti wa kamati ya kanisa akaniletea keki, kana kwamba mimi mtoto wa kuhongwa. Eti kwa sababu mimi ndiye niliyebaki. Kubaki si kosa langu. Shule niliiacha nina miaka kumi na mitatu, vidole vyangu vimezoea uzi kuliko wino. Ningewaacha mwende Manchester mkatafute msomi awapambie maneno. Lakini nimekiona kile kijikaratasi chenu cha ukumbusho, mmeandika kwamba Jabez Ormerod alikuwa "mtunzi aliyejifunza peke yake, gizani". Peke yake na nani? Gizani wapi? Haya, nipeni hiyo kalamu. Nitasema mara moja, na mtu asinikatize.

Jabez alizaliwa mwaka 1884, hapa hapa Harclough, katika nyumba iliyogusana mgongo na kanisa la Ebenezer. Baba yake alikuwa mtengeneza viatu vya mbao. Solfa aliijua kabla ya kusoma vizuri, kama watoto wote wa Ebenezer, maana siku zile mtu aliyefika miaka minane bila kuimba do, re, mi kwa kuangalia kidole cha mwalimu alionekana ana kasoro. Zile nota za mistari mitano alifundishwa na mpiga kinanda wa zamani, mzee aliyekuwa amelemaa miguu, kwa malipo ya kumchotea makaa ya mawe na kumsomea gazeti.

Nyumbani kwao kulikuwa na kinanda kidogo cha kukanyaga, na kitufe kimoja cha chini kilikuwa kimekufa. Panya alikula ngozi yake ya ndani. Kwa hiyo katika nyimbo zake za mwanzo, sauti ya besi inakwenda vizuri, ikifika hapo inaruka kama mtu anayeruka dimbwi. Miaka mingi baadaye bwana mmoja aliandika gazetini kwamba besi za Ormerod zina kujizuia kwa kiungwana. Ni panya, bwana.

Alianza kazi kiwandani akiwa na miaka kumi na miwili, nusu siku kiwandani na nusu siku shule, na alipofika ishirini na mitano akawa fundi wa mitambo ya kufumia. Hapo ndipo pa kucheka, kwa watu wa kwetu. Mafundi ndio watu tunaowatania tangu enzi za babu zetu. Ukitaka kumsimulia mtu mpumbavu, unaanza: "Kulikuwa na fundi mmoja." Fundi aliyepanda kwenye paa kupaka rangi bomba la moshi, akaisukuma ngazi chini isije ikaibwa. Fundi aliyemfungia mbwa wake saa shingoni ili ajue muda wa kula. Basi fikiria fundi anayetunga nyimbo. Wafumaji walimwambia usoni, "Jabez, jana mtambo wangu umekata nyuzi kwa mdundo wa nne kwa nne, uje uutilie maneno." Yeye alitabasamu, akachukua spana yake, akatengeneza.

Kitu kimoja lazima mkijue, ninyi mliozaliwa baada ya viwanda kufungwa. Banda la kufumia lilikuwa na mitambo mia nane, na yote ikipiga hakuna sauti ya mtu inayosikika, hata ukipiga yowe sikioni. Tulisema kwa midomo. Mdomo unaufungua wazi, kila neno unaliumba, na mwenzako aliye mistari sita mbali anakusoma. Tulikuwa hodari. Tuliweza kumsengenya meneja naye amesimama katikati yetu. Na masikio yakaenda, kidogo kidogo, hata mtu hakujua yameondoka lini. Barabarani, sokoni, kanisani wakati wa mahubiri, midomo ndiyo ilifanya kazi.

Na mkewe, Zillah, Jabez alimpata hivyo hivyo, kwa midomo. Alikuwa mfumaji wa mitambo minne, sauti ya alto, ulimi mkali hata ulipokuwa hauna sauti. Siku moja Jabez alikuwa akingoja bolti, wimbo ukamjia kichwani, akauandika kwa chaki ubavuni mwa mtambo wa Zillah, kwa herufi za solfa. Akaenda kuchukua bolti. Aliporudi, ubavu ni mtupu, umefutwa. Zillah akamwambia kwa midomo kwamba chaki inachafua kitambaa, na kitambaa chake si ubao wa shule. Jabez akasimama pale kama aliyefiwa. Ndipo Zillah alipomwimbia ule wimbo wote, do kwa do, sol kwa sol, bila yeye kusikia hata nota moja. Jabez aliusoma midomoni mwake. Alipomaliza akaongeza:

"Mstari wa tatu umejiibia mwenyewe. Ni ule wa wimbo wako wa mwaka jana."

Kweli ulikuwa ule wa mwaka jana. Kabla mwaka haujaisha wakaoana, na tangu hapo hakuna wimbo wa Jabez uliotoka nyumbani bila kupita kwanza kwa Zillah.

Kila mwezi wa sita tulikuwa na sikukuu ya Shule ya Jumapili, na bado tunayo, ingawa imekonda. Wasichana wamevaa nguo nyeupe, wamepangwa kwenye jukwaa la ngazi mpaka karibu na dari, na nyimbo lazima ziwe mpya. Makanisa mengine yalinunua nyimbo zao. Ebenezer ilikuwa na Jabez. Kila mwaka tano au sita, na kila mmoja kaupa jina la mahali petu, maana ndiyo desturi ya nyimbo hizi, maneno yana jina lake na tuni ina jina lake. Kuna tuni inaitwa Kisima cha Juu. Kuna inayoitwa Ngazi za Clegg. Mwaka 1921 kiwanda kiliposimama na watu wakakaa nyumbani wiki kumi na tisa, Jabez alifungua chumba cha chini cha kanisa kila siku mchana, akawasha jiko, akafundisha kwaya. Watu walikuja kuota moto, wakaondoka wakiwa waimbaji. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi, mama yangu alinipeleka. Sijawahi kushukuru joto kama lile.

Basi mwaka 1929 Ebenezer ilitimiza miaka mia. Jabez alikuwa ameandika kazi kubwa kwa ajili ya siku hiyo. Aliiandika miaka sita, mezani jikoni, baada ya chai ya jioni, na Zillah upande wa pili anainakili katika solfa kwa ajili ya kwaya, nakala tisini kwa mkono. Maneno yalitoka katika Zaburi, sehemu zilikuwa nne, kwaya, kinanda kikubwa cha kanisa, matarumbeta ya bendi yetu, na wapiga fidla wa kuazima. Aliiita Bonde. Tulijifunza majira yote ya baridi, yeye akituongoza, na kufika masika tuliijua kama mtu ajuavyo jina lake na la baba yake.

Lakini wazee wa kanisa walitaka mtu mkubwa aongoze siku yenyewe. Hawakuwa na nia mbaya. Mzee Amos Tattersall, mkuu wa wazee, alisema mia moja haiji mara mbili, na Jabez mwenyewe ndiye mpiga kinanda pekee tuliyekuwa naye anayeweza kazi ile. Wakamwandikia Dakta Fairfax-Lyle wa mjini, msomi wa muziki. Akakubali. Akaja kwa treni Jumamosi mchana, siku moja kabla ya sikukuu, amevaa koti lenye kola ya manyoya katika mwezi wa sita, na chini ya pua yake masharubu mazito kama ufagio wa jikoni, yamefunika mdomo wote wa juu na sehemu kubwa ya wa chini.

Katika mazoezi ya mchana ule, sehemu ya kwanza ilikwenda, maana tunaanza wote pamoja. Ya pili ilichechemea. Ya tatu inaanza polepole sana, sauti moja baada ya nyingine, alto kwanza, kisha tenor, kisha besi, na soprano mwisho kabisa. Alto tuliingia. Tenor walichelewa. Besi hawakuingia kabisa, walisimama wamekodoa macho kama ng'ombe getini. Dakta akarudia. Mara ya tatu alipoona besi wameingia mahali pa soprano, alifunga kitabu.

Hakupayuka. Ingekuwa nafuu. Alisema kwa upole, akimtazama Mzee Tattersall, kwamba kazi ina mawazo mazuri, ila imeandikwa na mtu asiyejua uwezo wa kwaya yake. Akashauri sehemu ya tatu na ya nne ziachwe, tuimbe badala yake nyimbo mbili tatu ambazo kila mtu anazijua.

Jabez alikuwa kwenye kinanda, ametugeuzia mgongo. Yeye hakuona lililotokea, alisikia tu, na kusikia kwake ndiko kulikomla moyo. Siri aliyokuwa nayo, aliyomficha hata Zillah, ni kwamba kwa miaka miwili alikuwa hasikii tena sauti za juu. Soprano kwake walikuwa upepo. Sehemu ya tatu na ya nne aliziandika kwa kichwa peke yake, akiamini kichwa chake. Sasa mtu aliyesoma amesema hazifai. Jabez akakunja karatasi zake, akakubali kila kitu, akamshukuru Dakta, akaenda nyumbani akakaa jikoni bila kuvua kofia.

Zillah aliweka mezani pai ya nyama na viazi. Hakuigusa.

"Kulikuwa na fundi mmoja," Jabez akasema, "alidhani anasikia."

Ndipo akamwambia habari ya masikio. Zillah hakumpa pole. Alisema alijua tangu mwaka juzi, maana mume anayeacha kulalamika juu ya soprano wa Ebenezer ama ameokoka ama amekuwa kiziwi. Kisha akasema jambo la maana zaidi: sehemu ya tatu na ya nne wanaziimba tangu Februari. Ziliimbika Jumanne iliyopita. Nota hazijabadilika tangu Jumanne. Kwa hiyo kilichobadilika ni kitu kingine.

"Labda Jumanne mlinihurumia."

"Besi wakuhurumie? Wale? Kula pai yako."

Akatoka, akasimama mlangoni. Ng'ambo ya barabara wanawake wawili wa alto na mume wa mmoja wao, mtu wa besi, walikuwa wameketi kwenye ngazi zao wakiota jua, maana mwezi wa sita kwetu jua halina haraka ya kwenda. Zillah akamwuliza yule wa besi, kwa midomo, juu ya vichwa vya watoto waliokuwa wakicheza, kwa nini hawakuingia. Yule bwana akatazama viatu vyake. Akasema hajui, alikuwa tayari, pumzi amevuta, akangoja, na neno halikuja.

"Neno gani?"

"Lile neno la Jabez. Jabez hututamkia."

Hapo Zillah akaelewa. Miaka ishirini Jabez alituongoza akitamka kila mwanzo kwa midomo, pasipo sauti, kama anavyosema bandani. Hakuna aliyemfundisha, hakuna aliyeona ni ajabu. Na sisi, watu tisini ambao sitini kati yetu hatusikii vizuri, tulikuwa tunaingia kwa kumsoma. Hatukujua. Tulidhani tunahesabu. Kisha tukaandika mpaka mjini, tukaalika mtu ambaye mdomo wake hauonekani.

Aliporudi ndani na kumweleza, Jabez alicheka, na alipocheka akavua kofia. Lakini akasema haisaidii kitu. Huwezi kumwambia daktari wa muziki anyoe. Na yeye Jabez atakuwa kwenye kinanda, kisogo kwa watu. Kile kioo kidogo cha kinanda, cha kumwonyesha mpigaji mimbari ilipo, ni kama sahani ya kikombe, watu watatu ndio wangeona humo.

Zillah akainuka. Alipanda juu, na Jabez akasikia, au akahisi kwenye mbao za dari, kitu kizito kinaburutwa. Kilikuwa mlango wa kabati lao la nguo, wenye kioo kirefu kama mtu, zawadi ya harusi kutoka kwa wafumaji wenzake.

"Shika upande ule," alisema. "Twende kabla hawajafunga kanisa. Kesho ni Jumapili, sitaki kuonekana nabeba samani Jumapili."

Wakapita nacho barabarani, saa kumi na mbili za jioni, jua bado liko juu, mume mbele na mke nyuma, na mtaa mzima ukijiona ndani ya kioo unavyopita. Mtu mmoja akauliza Zillah anahama na mume au bila mume. Mwingine akasema Dakta ameshauri fundi ajitazame. Zillah aliwajibu wote, na majibu hayo sitayaandika humu, kitabu ni cha kanisa.

Mzee Tattersall alikuwa mlangoni na funguo. Alikuwa mfumaji kwa miaka arobaini kabla hajawa mzee wa kanisa, na masikio yake yalikuwa yamekwenda zamani kuliko ya wote. Zillah alikiegemeza kioo ukutani, akasimama mbali, kwenye safu ya nyuma kabisa ya alto, akamwuliza kwa midomo:

"Amos, leo mchana ulisikia nini?"

Mzee akajibu kwa midomo vilevile kwamba alisikia fujo.

"Ulisikia, au uliambiwa ni fujo?"

Mzee Tattersall akaangalia chini. Alikuwa mtu wa kweli, hilo nalishukuru mpaka leo. Akasema tangu alipoondoka bandani hajasikia kwaya, bali huitazama. Na leo mchana, alipomtazama Dakta, hakuona kitu. Alipolisema hilo akalielewa. Akaenda mwenyewe kutafuta nyundo.

Walikitundika kioo juu ya kinanda, kikiinama kidogo, na mzee akaahidi kwamba sehemu zote nne zitabaki, ila kwa sharti: sehemu ya tatu ikianguka, Dakta atasimamisha na tutaimba nyimbo zinazojulikana, na jambo hilo halitazungumzwa tena. Jabez akakubali. Yaani kazi ya miaka sita ilikuwa inategemea watu tisini wasome uso wa mtu mmoja kwenye mlango wa kabati, naye huku anapiga kinanda kwa mikono na miguu.

Jumapili saa nane mchana kanisa lilijaa mpaka madirishani. Dakta aliuona kioo, akauliza, akaambiwa ni cha kumsaidia mpiga kinanda amwone vizuri. Akapendezwa. Akapanda jukwaani, akainua fimbo yake.

Sehemu ya tatu ilipokaribia, Jabez aliinua macho kwenye kioo. Akauona uso wake mwenyewe, na nyuma yake nyuso tisini zimemwelekea. Akavuta pumzi, akatamka neno la kwanza la alto bila sauti. Tukaingia. Akatamka la tenor, wakaingia kwa wakati, laini kama uzi uliopakwa nta. Akatamka la besi, na wale ng'ombe wa jana wakaingia kama watu. Dakta akatikisa kichwa kwa furaha, akaendelea kupunga.

Wakabaki soprano. Hapo Jabez hakuwa na sikio la kumsaidia. Alitamka neno lao, akangoja, na kwake ilikuwa kimya, upepo tu. Lakini macho yalikuwa kwenye kioo. Akaona midomo ya wale wanawake ishirini na wanane ikifunguka pamoja, akaisoma, silabi kwa silabi, na kwa jinsi taya zilivyoshuka na shingo zilivyonyooka alijua nota ni ipi. Ile aliyoiandika. Iko juu kabisa, mahali pake, juu ya wengine wote. Mistari minane waliimba, na Jabez akaisikiliza yote kwa macho, akipiga kinanda, machozi yanaingia kwenye kola. Sehemu ya nne wala haikuwa na taabu. Ilijiendea yenyewe.

Baada ya ibada, kwenye chai, Dakta Fairfax-Lyle alimshika Jabez mkono, akakiri mbele ya wazee kwamba alikosea juu ya kazi ile, na kwamba alijua waimbaji wakilala vizuri wataweza. Zillah alikuwa anakata mkate. Alimtazama Jabez, Jabez akamtazama yeye, na kwa midomo akamwomba anyamaze. Akanyamaza. Nilikuwepo, ni mara ya pekee niliyoshuhudia.

Dakta aliomba nakala, akaiimbisha mjini mwaka uliofuata, na magazeti mawili yalisema vizuri. Alimtaka Jabez aende kukaa huko, aandikie kwaya kubwa. Jabez akajibu kwamba ana mitambo sitini na nne ya kutunza Jumatatu. Watu wa mbali huona hiyo ni hasara. Sisi tuliopata tuni mpya kila mwezi wa sita kwa miaka ishirini na miwili mingine hatuoni hivyo. Ya mwisho aliiandika akiwa hasikii hata kengele ya moto, akaipa jina la Zillah, naye Zillah akasema mstari wa tatu umeibwa. Alifariki mwaka 1951. Tulimzika kwa heshima zote, na nyama ya paja la nguruwe kwenye chai ya msiba ilitosha kila mtu na ikabaki.

Alitufanya watu wa kelele ile tuwe na kitu chetu cha kuimba. Mimi nimefuma, nimezika mume, nimeona mabomba ya moshi yakibomolewa moja moja, na sijakosa wimbo wa kuwa nao siku yoyote. Namshukuru. Sikuwahi kumwambia, ndiyo sababu hasa nimeishika hii kalamu.

Nimeandika kama mlivyotaka. Sasa zamu yenu. Mwezi wa sita huu tunaimba Bonde tena, sehemu zote nne, na alto tuko wanne tu, mmoja ana miaka themanini na moja. Wewe unayesoma, najua unaishi wapi, Harclough si kubwa. Mazoezi ni Jumanne saa moja jioni, chumba cha chini. Usije kusikiliza. Njoo uimbe, na uje mapema, kiti cha pili kutoka ukutani ni changu.